Mkatili wa Mnadani Apokea Wakwe

Bonifasi wa Mtinko alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, na hiyo ilikuwa na kigugumizi tangu utoto. Kuomba chumvi tu ilikuwa safari. Angeanza, "Nipe chu-chu-chu," na kabla hajafika mwisho mkewe Luciana ameshaisogeza, ameshakaa, ameshatia tonge mdomoni. Ya pili ilikuwa sauti ya maigizo. Akishavaa lile koti lake refu la kahawia, lenye vifungo vya rangi tatu tofauti, maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alifoka, alibembeleza, alicheka kicheko cha kuwafanya watoto wajifiche kwenye kanga za mama zao, wala hakurudia herufi hata moja. Mganga wa zahanati aliulizwa, akasema wako wengi wa namna hiyo, sababu yake haijui.

Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika kikundi cha Flora. Flora ni mama mfupi, mweusi wa kung'aa, filimbi haimtoki shingoni. Wakishavuna, wanazunguka kwenye minada: juma hili Issuna, juma lijalo Ulemo, mwezi ujao huko mbali zaidi. Wanafika asubuhi juu ya mizigo ya watu, wanapiga ngoma mpaka wanunuzi wanaacha mbuzi na vitunguu na kuja kufanya duara. Jukwaa lao ni hapo watu walipoacha nafasi. Karatasi hawana. Flora anawasimulia kisa wakiwa wanakunywa uji, halafu kila mmoja anajitafutia maneno yake. Bonifasi ndiye aliyekuwa mtu mbaya siku zote: mume mlevi, mwenyekiti mla rushwa, baba mkubwa anayedhulumu yatima. Mara mbili walijaribu kumpa nafasi ya mtu mwema, akawa kama mlingoti wa bendera. Flora akasema basi, kila mtu na riziki yake.

Sasa, kikundi hicho kilikuwa na utaratibu wake. Mchezo ukifika pabaya kabisa, Flora anapuliza filimbi, waigizaji wanaganda, naye anawageukia wananchi. "Haya, ndugu zangu, mngefanyaje?" Hapo wananchi wanaingia duarani, wanabishana na yule mbaya, na yeye haruhusiwi kuuvua ubaya wake mpaka wamshinde kwa hoja. Mwisho wa yote Flora anamshika mkono na kuwaambia watu, "Huyu ni Bonifasi, mkulima wa alizeti, baba wa watoto wanne, mpigieni makofi." Ndipo watu wanacheka na kumsamehe.

Ila kule Ulemo, mwaka juzi, mambo hayakufika huko. Bonifasi alikuwa baba mkubwa anayemfukuza mjane wa mdogo wake. Alimnyang'anya godoro, akamnyang'anya masufuria, akamwambia, "Hata moshi uliomo kwenye paa hili ni wa ukoo wetu." Filimbi ilipolia, mvua nayo ikaangusha matone kama kokoto. Mnada ukavunjika, kila mtu akakimbilia kwake. Flora alisahau habari ya kumtambulisha mtu. Na Bonifasi, kwa kufuata utaratibu, maana hakuna aliyekuwa amemshinda, alitembea na ubaya wake hadi kwenye gari, masufuria ya mjane kichwani, akitukana mvua.

Hivyo ndivyo watu wa Ulemo walivyomwona kwa mara ya mwisho.

Mwaka huu Sara, binti yake wa tatu, fundi cherehani, akapata mchumba. Kijana anaitwa Deo, anakamua mafuta ya alizeti, mpole, anapiga simu kusalimia hata siku asizotumwa. Kwao ni huko huko Ulemo. Siku ya posa ilishapangwa na Luciana ameshawafungia majogoo wawili wale mtama peke yao, ndipo Sara alipotoka ndani na simu mkononi, uso umemshuka.

"Baba, bibi yake Deo anasema anakujua."

"A-a-ananijuaje?"

"Alikuwepo mnadani. Ameona picha yako kwenye simu ya Deo, akaitupa simu kitandani. Anasema mjukuu wake hawezi kuoa kwa mtu aliyemtoa mjane nje na masufuria."

Luciana akacheka mpaka akashika mlango. "Jamani! Si mwambieni ni maigizo!"

"Deo amemwambia, mama. Bibi anasema: mtu anayejua kulia machozi ya uongo, akija kwangu analia kweli nitamtambuaje?"

Luciana akaacha kucheka.

Bibi huyo, Anastazia, ndiye aliyemlea Deo tangu ana miaka mitatu. Alikuwa ametoa neno lake: atakuja mwenyewe kwenye posa, amsikie baba wa binti kwa masikio yake. Asiporidhika, posa inarudi kwao. Na Deo alimwambia Sara waziwazi, huku analia, kwamba bila mkono wa bibi yake hawezi kuoa.

Bonifasi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kwa desturi baba wa binti hasemi kitu siku ya posa, anasemewa. Kaka yake Urbano ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, na Urbano maneno anayo ya kugawia watu. Sasa akitakiwa kusema mwenyewe, mbele ya wageni, na mdomo huu? Watamwona mtu anayetafuta uongo wake kwenye meno. Tena watasema kigugumizi kitawaingia wajukuu. Sara ana kosa gani hata abebe aibu hiyo?

Flora alipokuja kusuka mkeka na Luciana, akaona jibu. "Kaka Boni, unateseka bure. Sauti ya pili unayo. Igiza baba mwema, saa moja tu, yaishe."

"Si-si-siwezi watu we-wema."

"Utaweza. Safari hii tutafanya mazoezi."

Basi wakafanya mazoezi nyuma ya nyumba, kwenye mabua makavu ya alizeti, siku nne mfululizo. Flora alikuwa bibi, fimbo mkononi. Bonifasi akalivaa lile koti kwanza, halafu akajifunza kusema bila koti. Siku ya nne maneno yalitiririka. Flora akapiga makofi. Luciana, aliyekuwa anachambua mlenda kizingitini, hakupiga. "Huyo simjui," alisema taratibu, lakini hawakumsikia.

Wakwe walifika Jumamosi saa nne, wanane, kwenye gari dogo jeupe la kukodi. Bibi Anastazia alishuka wa mwisho. Mwembamba, kitenge kipya bado kina gundi ya dukani, fimbo ya mti wa mpingo, kitambaa cheupe kichwani. Bonifasi akapiga goti kidogo. "Shi-shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu akiwa anaangalia paa la nyumba, kana kwamba anahesabu moshi.

Walikaa. Vijana kwenye mkeka, wazee kwenye viti, picha ya ubatizo wa watoto ikiwaangalia ukutani. Mshenga wao akasafisha koo. "Sisi ni wafugaji, jamani. Tumepotelewa na mtamba. Tumefuata nyayo tangu Ulemo, na nyayo zimeingia kwenye boma hili, hazijatoka."

Urbano akajiweka sawa. "Mtamba tunao. Lakini mtamba wetu hajapotea, yuko kwao. Labda nyayo zenu ni za fisi."

Watu wakacheka, posa ikaanza kupata utamu wake. Ndipo fimbo ya mpingo ikagonga sakafu mara mbili.

"Huyu anasema vizuri," alisema Bibi Anastazia. "Sikuja kumsikia yeye. Mwenye binti ni nani?"

Bonifasi akasimama. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akalitafuta lile koti ndani ya kichwa chake, akalivaa.

"Mama yangu mheshimiwa," alianza, na sauti ikajaa chumba chote, nene, tamu, haina hata kokoto. "Umetoka mbali kwa ajili ya mtoto, na mimi pia ni mzazi. Katika nyumba hii mjane hajawahi kulia, wala mgeni hajawahi kulala na njaa. Binti yangu nimemlea kwa mikono hii miwili…" Akainua mikono. Mshenga akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Hata Urbano akafungua mdomo, maana tangu wazaliwe hakuwahi kumsikia mdogo wake akisema maneno mengi hivyo ndani ya nyumba.

Bibi Anastazia alikuwa ameshasimama.

"Deo, nishike mkono. Twende."

"Bibi, subiri…"

"Nisubiri nini? Macho yangu yamepungua, masikio bado ni yangu. Ndiyo hiyo sauti. Ndiyo yenyewe! Ilikuwa tamu hivi hivi wakati inamtoa yule mwanamke nje." Akamgeukia Bonifasi. "Unatuigizia, bwana. Umesimama mbele ya mwenye mvi unamwigizia."

Akaenda. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Kwenye mlango wa kuingilia uani alisimama Sara na sinia la vikombe. Hakulia. Alimtazama baba yake tu.

Bonifasi akaiita tena sauti ya pili. Ilikuwepo, tayari, imejaa tele, imembebea maneno ya kumrudisha hata simba. Akamtazama Sara. Akaifunga ile sauti huko ndani, akafungua mdomo bila kitu.

"Ma-ma-ma-ma…"

Bibi akageuka.

"Ma-mama. Ni-ni-ni…" Jasho likamtoka kwenye paji la uso, shingo ikamvimba. Urbano hakuvumilia. "Anataka kusema kwamba…"

"Mwache!" Fimbo ikagonga. "Asimmalizie mtu. Sema, baba."

"Ni-nimekui-igizia. Kwe-kweli. Na-na-naogopa."

"Unaogopa nini?"

Jibu hilo lilichukua muda. Nje jogoo aliwika, akamaliza, akawika tena, na Bonifasi bado alikuwa njiani. "Ku-ku-kumwa-mwaibisha m-mtoto."

Bibi Anastazia akarudi hatua mbili, akamwangalia mdomoni kama mtu anayemwangalia mtoto anayeota jino.

"Na pale Ulemo mbona hukukwama?"

"Pa-pale si-siyo mimi."

Hapo Luciana akatoka jikoni, mikono ina unga. "Mama, samahani, mimi ni mkewe, sikuitwa. Miaka ishirini na sita nimekaa na huyu. Unajua hatujawahi kugombana vizuri? Nitagombana naye vipi? Mimi nikimaliza maneno yangu kumi na kwenda kisimani na kurudi, yeye bado yuko kwenye 'we-we-wewe'. Mpaka anafika kwenye kosa, hasira imeshatuishia wote!"

Mshenga ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kuuficha mdomo kwa kofia. Halafu Urbano, halafu vijana wa mkekani. Aliyecheka kuliko wote ni Bonifasi mwenyewe, na kicheko chake hakikuwa kile cha mnadani. Kilikuwa kidogo, cha kupitia puani, kama cha mtu aliyetekenywa.

Bibi Anastazia hakucheka. Alirudi, akakaa kwenye kiti chake, akaweka fimbo juu ya mapaja.

"Nilikuwa na binti," alisema. "Mama yake Deo huyu. Wakwe zake walikuja kwangu kwa maneno yaliyonyooka kama redio. Hakuna aliyekwama hata kidogo. Baada ya miaka minne ya mateso nilikwenda kumchukua, mtoto wake mgongoni, na binti yangu hakukaa sana akafa. Nikasema, mwanamume atakayesema mbele yangu bila kukwama, simwamini tena." Akapangusa jicho kwa ncha ya kitambaa. "Mtu anayepata taabu hii yote kulitoa neno moja, halitoi ili adanganye. Wewe keti, baba yangu. Keti, utaanguka."

Bonifasi akakaa.

"Na huyu mwenye vikombe, mbona amesimama kama ameazimwa?" Bibi alimwita Sara kwa kidole. "Njoo hapa. Wewe ndiye unayetaka kuninyang'anya mume wangu?"

Deo akainamisha kichwa kwa haya. Sara akapiga magoti. "Shikamoo bibi."

"Shikamoo ya nini, mke mwenzangu? Nimekaa na huyu mwanamume miaka ishirini na tatu, nimemfulia, nimempikia, leo ananiletea msichana mwenye meno yote. Haya. Nitakuonyesha anavyopenda ugali wake, lakini sitakuonyesha vyote, kitu kimoja nitabaki nacho."

"Nitakinunua bibi."

"Hununui! Utakiiba kama wanawake wote."

Nyumba ikalipuka. Flora, aliyekuwa amejibanza uani siku nzima kwa woga, akachungulia dirishani kuuliza kama ni vita au ni heri. Luciana akamwambia aache kuuliza, aje akoroge mchuzi.

Mshenga akasafisha koo upya na kuulizia tena mtamba wake. Urbano akamjibu kwamba nyayo amezikagua, si za fisi. Wakaendelea kuvutana hivyo, kama inavyopasa. Bonifasi aliegemea ukuta, shati limemganda mgongoni. Hakuna aliyemtaka aseme tena, wala aigize mtu yeyote. Akanyoosha miguu, akavua viatu, akasikiliza kina mama wanavyomcheka huko jikoni, na usingizi alioukosa tangu siku ya ile simu ukaanza kumjia mchana huo huo, mbele ya wakwe.