Supu Chachu ya Khiem

Pua yangu ilikufa mwaka ule ule aliokufa mume wangu Khiem. Yeye angalau ana picha mezani na watu walimlilia, pua haikuliliwa na mtu. Daktari alisema itarudi baada ya wiki mbili. Huu mwaka wa pili. Kila asubuhi nasugua kitunguu puani kama mwendawazimu, navuta, nangoja. Hola! Na si pua tu. Ile korona ilichukua pumzi na nusu ya akili pia. Ngazi za kupanda paani ni kumi na tisa, nami napumzika mara tatu, na nikifika juu nasahau nilichofuata.

Lakini napanda, kwa sababu bustani iko huko. Saigon ilipofungwa na kichochoro chetu kikazungushiwa kamba, Khiem aliokota maboksi meupe ya wauza samaki, akayajaza udongo, akayapanga paani.

"Baba Diep, tutakula bamia au tutakula ndoto?" nilimcheka.

"Wewe tafuta ukwaju wa supu," akasema. "Bamia niachie mimi."

Bamia zilipotoa ua la kwanza, akapelekwa hospitali. Alirudi majivu ndani ya chungu, kimebebwa na mwanajeshi aliyejifunika plastiki mwili mzima. Hakuna aliyemwosha. Hakuna aliyempikia. Mwaka wa kwanza, siku ya kifo chake ilipofika, nilikuwa kitandani siwezi hata kuinua sufuria, tukamnunulia chakula mgahawani. Naona haya hadi leo.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili, ndio wa kumaliza matanga. Marehemu hupewa mlo, vitambaa vyeupe vya msiba vinachomwa, basi, umemuaga. Hakuna mwingine wa hivyo tena. Nilitaka mlo huu utoke kwenye maboksi yake na mikononi mwangu. Supu chachu ya samaki, aliyokuwa akiipenda kuliko mimi.

Wifi yangu Nhan, dada mkubwa wa Khiem, ulimi wake ni wembe. Alikuja wiki moja kabla, hata chai hajanywa.

"Tufanyie kwangu. Mpishi asiye na pua si mpishi, ni ajali."

"Ajali ni ile ndoa yako, wifi. Mdogo wako atakula kwangu."

Alicheka hadi akakohoa. Kifua chake nacho hakijapona. Kisha akawa mpole kidogo. "Thoa, mwenzio sasa ni marehemu, anakula harufu tu. Wewe harufu utaijuaje?"

"Nitapika kwa vijiko na kwa macho. Mbona naendesha nyumba hivyo hivyo?"

Kiburi hicho, jamani.

Mboga za kwenye maboksi hazilishwi maneno. Mimi nachukua matumbo ya samaki, nayaozesha kwenye ndoo pamoja na molasi na maganda ya nanasi, halafu nayachuja na kuyatia kwenye chupa tupu za maji ya dagaa, yale tunayokoleza kila chakula. Chupa ni zile zile na rangi ni ile ile ya kahawia. Ndiyo maana ile ya mbolea naifunga mpira mwekundu shingoni na kuiacha paani. Binti yangu Diep alishanionya mara kumi. "Mama, tafuta chupa nyingine." Nikamwambia nina macho.

Asubuhi ya siku yenyewe nilishuka na kikapu cha bamia na nyanya, na majani ya kunukiza supu ambayo Khiem aliyapanda kwa mkono wake. Nilishuka na ile chupa ya paani pia. Kwa nini, sijui. Siku hizi mikono yangu inafanya mambo bila kuniuliza. Niliiweka karibu na jiko, nikakaa kwenye kigoda kutafuta pumzi.

Diep alikuwa anatoka kumfuata shangazi yake. Siku zote yeye ndiye ulimi wangu, ananionjea kila kitu.

"Mama, ningoje iive nikuonjee?"

"Toka hapa! Baba yako hajala, wewe ule kama nani?"

"Mara hii tu. Baba atatusamehe."

"Baba yako angesamehe hata mwizi. Mimi sisamehe." Chakula cha marehemu hakionjwi, ndivyo nilivyofunzwa na mama mkwe, tena kwa mwiko mgongoni.

Akaenda. Nikapika. Ukwaju vijiko viwili, nanasi nusu, bamia mwishoni zisilainike sana, maji ya dagaa vijiko vitatu. Ilitoka nzuri, wekundu wa nyanya juu, kijani cha majani. Nilipakua, nikapanga vijiti vya kulia na kikombe cha pombe ya mchele mbele ya picha, nikawasha udi.

"Baba Diep, karibu," nikamwambia. "Bamia zako hizo. Zimezaa." Nililia, na nilikuwa na furaha, sitasema uongo.

Ndipo wakaingia. Diep alipiga mkono puani mlangoni, kisha akaushusha haraka alipoona namtazama. Nhan alisimama na kapu lake la matunda, hasogei.

"Wifi," nikasema, "kinanukiaje?"

Aliitazama picha ya mdogo wake, akanitazama mimi, vitambaa vyeupe mkononi mwangu.

"Kinanukia vizuri, mdogo wangu. Umeweza."

Miaka thelathini nampikia mwanamke yule, hajawahi kunisifu hata chai.

Diep alikuwa keshaingia jikoni. Alirudi na chupa mkono mmoja, na mkono wa pili kipande cha mpira mwekundu alichookota kwenye ngazi, kimekauka kwa jua na kukatika.

"Mama," akasema. Akavinyoosha vyote viwili nivione.

Nilirukia lile bakuli. Nhan akanidaka kiganja.

"Udi haujaisha, Thoa."

"Niache niondoe!"

"Utamnyang'anya mtu chakula mdomoni? Keshakaribishwa. Keshakaa."

"Nikimbie sokoni?" Diep alikuwa analia. "Nipike kingine?"

"Mlo wa kumaliza ni mmoja, mwanangu," shangazi yake akasema. Akanikalisha, akakaa kando yangu. "Alikula wali wako ulioungua siku ya harusi. Alizoea."

"Si hiki, wifi."

"Si hiki," akakubali.

Tukakaa. Udi ulikuwa umefika nusu. Diep alifungua madirisha, kisha akayafunga, kwa kuona ni adabu mbaya. Mvuke wa supu ulipanda pamoja na moshi hadi kwenye uso wa Khiem, naye anatabasamu vile vile kama picha zinavyotabasamu. Sisi tulio hai tungemwaga supu tukala mkate. Yeye atakwenda wapi? Amebakiwa na harufu peke yake.

Nikainamia bakuli, nikavuta pumzi kwa nguvu zote za kifua changu kibovu, angalau nijue nimempa nini mume wangu. Sikusikia kitu.