Nyusi za Hye-rim

Siku ya maonyesho ya mwisho, Tak Hye-rim alivaa suti ya kuazima na uso wa mtu anayepelekwa kunyongwa. Sisi tuliosoma naye utengenezaji wa vifaa vya tiba pale chuoni mjini Wonju tulijua sababu. Kampuni zote zilizokuwa zikiajiri mwaka ule zilikwisha kumkataa. Ilibaki moja tu, na mkuu wake wa ubora, Bi Ok, ndiye aliyeketi mstari wa mbele bila kugusa kahawa yake.

Hye-rim alikuwa kiongozi wa kundi letu. Tulikuwa tumeunda pampu ya dripu, na nasema bila aibu kwamba ilikuwa nzuri. Akaeleza mota, kengele, betri. Mwisho akafikia majaribio ya watumiaji: watu kumi na watano wameiendesha, hakuna aliyekosea.

"Hata mmoja?" Bi Ok akauliza.

"Hata mmoja, Mkuu."

"Makubwa! Kwetu hata wauguzi waliozeekea wodini wanakosea. Nyinyi malaika hawa mliwatoa wapi?"

"Ni wadogo zetu wa idarani."

Bi Ok akatabasamu, na tabasamu lile halikunipendeza hata kidogo. "Yupo mmoja wao humu?"

Alikuwamo Pyo Gi-ran, wa mwaka wa pili, aliyekuja kutupigia makofi. Wenzake wakamsukuma mbele, masikio yamemwiva. Bi Ok akamwomba Hye-rim ageukie ukuta, kisha akasema, "Haya mwanangu, iwekee mililita tano kwa saa."

Gi-ran akanyoosha kidole, akasita, akamtafuta Hye-rim kwa macho. Akaona kisogo. Akatutazama sisi, nasi tukatazama viatu vyetu. Akabonyeza, akachelewa kuachia, namba ikaruka. Matone ya maji yakaanza kufukuzana kwenye glasi iliyokuwa chini ya mrija. Kioo cha pampu kilionyesha hamsini badala ya tano. Ingekuwa dawa mkononi mwa mgonjwa, ingemmaliza.

"Ana woga tu," Profesa wetu akadakia. "Mbele za watu hivi, mtoto wa watu..."

Ule ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Hye-rim alihitaji kuitikia tu, lawama imwangukie Gi-ran, yeye aipate kazi. Nilitamani sana aitikie.

Akageuka. "Gi-ran, siku ya majaribio hukukosea. Ulikuwa unatazama nini?"

"Dada, niache bwana."

"We sema, sikuli mimi."

"Nyusi zako." Sauti ilimtoka kidogo. "Nikienda kombo ulikuwa unazikunja, nami nabadilisha. Wote tulifanya hivyo. Nani angemwambia dada mkubwa kitufe chake hakieleweki?"

Ndivyo tulivyolelewa: mdogo husoma uso wa mkubwa kabla ya kufungua mdomo. Na siku ile ya majaribio tulikuwa tumewasimamia pale, sote wakubwa wao, tukijiita wapimaji.

Hye-rim akafuta ukurasa wa matokeo kwenye skrini, Profesa akimwangalia.

"Basi mashine hatujaipima, Mkuu," akasema. "Tumepima nyusi zangu. Majaribio yote ni batili."

Bi Ok akasukuma kahawa yake kando. "Mtu asiyeweza kumwambia mkubwa wake kosa, kwangu ataua wagonjwa. Haya, mimi ni mkubwa wako. Leo nimekosea nini?"

Profesa akafumba macho. Kwetu swali kama lile hujibiwa kwa kuinama na kusema hakuna. Hye-rim akamtazama Bi Ok usoni.

"Umemwaibisha Gi-ran mbele za watu," akasema. "Kosa lilikuwa langu. Ungenibana mimi, yeye ukamwacha."

Bi Ok akainuka, akafunga vifungo vya koti, nikajua kazi imekwenda na maji. Nilimkasirikia Hye-rim, na papo hapo nilimwonea fahari. Lakini Bi Ok hakuelekea mlangoni. Alikwenda kusimama mbele ya yule msichana wa mwaka wa pili, akainama mpaka mvi zake zikamfunika uso.

"Nisamehe," akamwambia Gi-ran.

Kisha akachukua mkoba wake. "Jumatatu asubuhi uje kazini," akamwambia Hye-rim akipita. Hye-rim hakumsikia. Alikuwa amemkumbatia Gi-ran, wanalia wote wawili, na ikabidi mimi niitikie kwa niaba yake.