Ng'ambo ya Masale

Asubuhi ile Anaeli alikuwa na hofu mbili, na ya pili ndiyo iliyomfanya ashindwe kumeza hata funda moja la uji. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida: mtihani. Kwa majuma manne Mchungaji, Mjerumani mwenye ndevu nyekundu, alikuwa akiwanoa walimu sita wa shule za misheni pale kwenye mteremko wa Meru, na siku hiyo kila mmoja angefundisha somo la nchi mbele ya wenzake. Hofu ya pili ilikuwa imekwisha kuketi kwenye benchi la mbele, na kofia yake ya kiaskari, na daftari mapajani. Alikuwa shaushi, sajini wa askari, kutoka bomani Arusha.

Mchungaji mwenyewe ndiye aliyemwalika. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na Wajerumani walikuwa wakizoa wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi, hata walimu wakaanza kutazamwa mabega.

"Akiona kazi yenu," Mchungaji aliwaambia kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "hatawagusa."

Mtu mwema, Mchungaji. Hila hana hata chembe, na kwa hiyo hakuwahi kujiuliza huyo mgeni angeona nini kingine.

Kaka yake Anaeli, Sadoki, alikuwa ametoroka msafara wa wapagazi njiani kwenda Longido. Tangu mwezi uliopita alikuwa amejificha msituni, katika pango dogo juu ya kijito. Mtoro aliyekamatwa alipelekwa bomani, na huko alitiwa kamba shingoni. Kwa kadiri Anaeli alivyojua, siri ile ilikuwa ya watu watatu: yeye, mke wa Sadoki, na Hanna, binti yao wa miaka saba, aliyefuatana na mama yake kupeleka ndizi za kuchemsha.

Na Hanna alikuwa mwanafunzi wake.

Kabla ya majuma yale manne, somo la nchi lilikuwa usingizi mtupu. Mwalimu alitaja mito ya Ujerumani, watoto wakaitikia: Raini, Elbe, Donau! Waliitikia vizuri sana, kwa sauti moja, wala hapakuwa na aliyejua kama Raini ni mto au ni shangazi yake Kaizari. Siku ya kwanza ya mafunzo Mchungaji alizikusanya fimbo za walimu wote, akazivunjavunja, akazichemshia chai.

"Anzeni mlangoni kwa mtoto," alisema. "Aijenge nchi yake kwa mikono. Aweke kile tu ambacho miguu yake imekifikia na macho yake yamekiona. Akishaweka, asichekwe. Asiitwe mwongo."

Wenzake waliguna, lakini Anaeli alilipenda jambo lile mno. Alipolijaribu mara ya kwanza, watoto nusura wapigane kwa kugombea majivu ya kuchorea vijito. Hanna, ambaye tangu aanze shule hakuwahi kufungua kinywa ila kwa kupiga miayo, aliweka jiwe chini akasema, "Hapa ndipo ng'ombe wetu alipozalia." Wakati wa kwenda nyumbani alimshika mkono na kumsimulia njia nzima, baba mdogo hiki, baba mdogo kile. Anaeli alijiona mwalimu kwelikweli.

Sasa alitamani mito ya Ujerumani. Angeirudia yote, mpaka vijito. Lakini Mchungaji alikwisha kulitaja somo lake mbele ya mgeni: nchi yetu, kutoka mlimani hadi Moshono.

Watoto walijaa uwanjani na makapu yao. Walirundika udongo ukawa mlima Meru. Majivu yakawa vijito, vipande vya jani la mgomba vikawa nyumba, na majani ya sale yakachomekwa mstari mmoja, kama masale yenyewe yanavyopandwa kwenye mipaka ya mashamba.

"Leo tunaishia kwenye masale ya mwisho," Anaeli alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ng'ambo yake ni msitu. Msitu tunauacha."

Mwanzoni shaushi alicheka. Alimwuliza Thomasi, mvulana mwenye mdomo mwepesi kuliko wote, kama mlima ule hautaliwa na kuku. Kisha akatoa kisu, akaichonga penseli yake taratibu, akafungua daftari.

"Njia hii," aliuliza, "wanapita watu wangapi kwa pamoja?"

"Hata watatu, Bwana!" alijibu Thomasi.

"Na nyumba hii ya pembeni ni ya nani?"

Wakamwambia. Kila alichouliza wakamwambia, huku wakisukumana ili kila mmoja awe wa kwanza. Penseli ilikuwa ikitembea. Anaeli alikuwa amewafundisha watoto thelathini kumchorea askari ramani ya kijiji chao, na walikuwa wakiifanya kazi hiyo kwa furaha aliyoitafuta majuma manne. Mchungaji, nyuma ya benchi, alitabasamu na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Ndipo Hanna aliposimama.

Alikuwa na jiwe jeupe mkononi. Alizipita nyumba, akaruka kijito cha majivu kwa uangalifu ili asikiharibu, akafika kwenye masale. Anaeli alimwita. Hakusikia, au alisikia akadhani anasifiwa. Akavuka, akachuchumaa, akaliweka jiwe lake mahali penyewe hasa, juu ya kijito, upande wa kulia.

Shaushi aliinua macho. "Huko kuna nini, mtoto?"

"Chui, Bwana," Anaeli aliharakisha kujibu. "Mama zao huwatisha kwa chui ili wasiingie msituni."

"Sikukuuliza wewe."

"Mwache aseme, Anaeli," Mchungaji aliingilia kwa upole. Akaja, akapiga magoti kwenye vumbi karibu na Hanna. "Sema, mwanangu. Miguu yako imefika hapo?"

Hanna alitikisa kichwa kukubali. Uso wake ulikuwa umechangamka. Mtu mkubwa wa kizungu alikuwa amepiga magoti ili amsikilize yeye.

"Umeona nini?"

"Si chui," alisema Hanna. "Ni ba..."

Anaeli hakujua alivyofika pale. Alijikuta amelishika tawi la mwiba lililokuwa kwenye uzio, na mkono wa Hanna ulikuwa umekwisha kuchapwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Akalipiga jiwe teke.

"Mwongo!" alipiga kelele. "Mwongo mkubwa wewe! Ng'ambo ya masale hakuna mtu! Semeni wote!"

Hakuna mtu: kwa nini alisema mtu? Shaushi alikuwa ameuliza "kuna nini", hakuuliza "kuna nani". Aliiona penseli imesimama juu ya karatasi, akaiona kamba, akaiona shingo ya kaka yake.

Thomasi ndiye aliyeanza. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama walivyosimama enzi za Raini.

"Ng'ambo ya masale hakuna mtu!"

Wengine wakadakia, thelathini kwa sauti moja. Wakarudia, wakarudia tena, macho yao makavu yakitazama mbele. Hapo ndipo Anaeli alipoelewa kwamba walijua, pengine wote.

Shaushi aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga daftari, akapiga miayo.

"Huyu anafaa," alimwambia Mchungaji huku akimwonyesha Anaeli kwa penseli. "Watoto bila fimbo ni kelele tupu."

Mchungaji alikuwa bado amepiga magoti, akimfuta Hanna damu kwa leso yake. Alipomtazama Anaeli, hakumtazama kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mtihani ulipomalizika, jina la Anaeli halikusomwa miongoni mwa waliofaulu.

Jua lilipoanza kuteremka, Anaeli alikwenda nyumbani kwa Sadoki na jani la sale mkononi, amelifunga fundo. Mwenye kuletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Ndivyo ilivyo tangu mababu. Lakini hajapata kuonekana mtu mzima akimpelekea mtoto.

Hanna alikuwa peke yake mlangoni. Mkono ulikuwa umevimba.

"Nimekukosea, mwanangu," alisema Anaeli, na machozi yakamtoka. "Niliogopa. Niliogopa sana."

Hanna alilipokea jani kwa mikono miwili, kwa adabu, akaliweka magotini.

"Mama yuko wapi?"

"Mtoni."

Mtoni hakuwako, Anaeli alikuwa amepita huko. Bila shaka alikuwa amepanda kumhamisha mumewe. Akainama, akanong'ona: "Na baba? Amempeleka wapi? Niambie, nimpelekee blanketi."

Hanna alisimama wima, mikono ubavuni. Alimtazama kidogo, kisha akatazama mbele.

"Ng'ambo ya masale hakuna mtu, Mwalimu," alisema.

Siku zote, hapo nyumbani, alikuwa akimwita baba mdogo.