Koti la Evaristo Kwenye Nguzo

Kila mtaa wa Kolpani, mji wetu mdogo huku Bolivia, una sanamu yake. Unachukua suruali na shati kuukuu, unajaza majani makavu, unafunga kamba shingoni, unaining'iniza kwenye nguzo ya umeme, na kifuani unabandika kibao: MWIZI AKISHIKWA ATACHOMWA. Polisi tunao wawili, na pikipiki yao mara nyingi haina mafuta. Jumapili, siku ya gulio, watu wanashuka kutoka milimani na kondoo wao, viazi na sufu, na nyuma yao wanakuja wale wengine wasio na mzigo wowote. Kwa hiyo tunajilinda wenyewe. Kila nyumba ina filimbi. Moja ikilia zote zinalia, na anayebaki ndani ataulizwa baadaye alikuwa anaficha nini.

Kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote, lakini tunaijua tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu. Sanamu haiguswi. Ikioza, kamati ya mtaa ndiyo inayoishusha. Mtu mwingine akiigusa, huyo ni mwizi au ndugu wa mwizi, maana nani mwingine ataionea huruma?

Mimi nauza viazi, vibichi na vile vilivyokaushwa kwa baridi. Casimira anauza shayiri. Tunatandika vitambaa vyetu chini bega kwa bega, chini ya ukuta wa kanisa, na yanayompata mmoja mwingine anayajua kabla ya chai. Mumewe, Evaristo, alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyeshona sare za bendi ya mji, zile za kijani na zambarau, na vipande vilivyobaki akajishonea koti: mwili kijani, mkono mmoja kijani, mkono wa pili zambarau. Koti la pili kama lile halipo Bolivia nzima, na nadhani ni heri. Alilivaa harusini, msibani na gulioni, mpaka watu wakawa wanaliona koti kwanza ndipo wamwone mwenyewe.

Kisha akaenda Argentina kushona kwenye karakana za Buenos Aires, kama wanavyoenda wote. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, na Casimira alikuwa akisimama katikati ya gulio akipaza sauti ili sote tujue anaongea na mumewe. Halafu simu zikakoma. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Likaja neno kwamba Evaristo ameonekana na mwanamke wa Paraguay, mnene, mwenye meno ya dhahabu. Kila aliyelisimulia alimwongezea yule mwanamke kilo kadhaa.

Mvua za mwaka jana ziliiozesha sanamu ya mtaa wetu mpaka kichwa kikadondoka. Mwenyekiti wa kamati, Doña Primitiva, kama tunavyowaita wanawake wa heshima, akapita mlango kwa mlango kukusanya nguo. Casimira hakungoja mlangoni. Alimfuata hadi gulioni akiwa na lile koti mkononi.

"Si la Evaristo hili?" Primitiva akauliza.

"Lilikuwa lake. Mwenyewe keshapata kitu cha kumpasha joto huko aliko."

"Mama wee. Sasa tumning'inize?"

"Mning'inize. Na kamba muikaze, asije akanikimbia mara ya pili."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nami nilicheka, sitajitoa. Ulikuwa utani mtamu, wa mwanamke aliyeachwa, na wanawake waliokuwa pale nusu yao waume zao wako Argentina.

Lakini utani ukikaa juu ya nguzo muda mrefu, waliokuwepo wanasahau, na wasiokuwepo wanauliza. Watoto wakaanza kuiita sanamu Evaristo. Wageni wa gulio wakauliza huyu ni nani, wakajibiwa ni fundi mmoja, aliiba akakimbilia Argentina. Kufika kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, hata watu wa mtaa wetu walikuwa wanasema hivyo. Kiongozi wa bendi akakumbuka kwamba kitambaa cha sare kilipungua, suruali zikatoka fupi. "Kumbe ndiyo hivyo," akasema. Doña Hilaria, mkaanga maandazi, akakumbuka mkasi wake uliopotea. Kila mwenye kitu kilichopotea akamtwika Evaristo.

Casimira alikuwa akiyasikia haya akiwa amekaa mbele ya shayiri yake. Siku moja nikamwambia, "Shoga, wakanye. Mumeo si mwizi."

"Wacha waseme," akanijibu. "Mimi waliponisema nani aliwakanya?"

Nikageukia mteja. Gulio ni gulio, viazi vyangu vilikuwa vinaningoja.

Evaristo alirudi Jumamosi moja jioni, bila taarifa. Basi lilimshusha barabara ya juu, akapita njia ya makaburini ndiyo maana hakuiona nguzo. Niliitwa nikamsalimie. Sikumtambua mara moja: kichwa kimenyolewa, mashavu yameingia ndani, shingo imebaki kamba tupu. Mwenye karakana alimokuwa akifanya kazi aliwanyang'anya simu na vitambulisho, akawa anawafungia ndani, wakilala chini ya vyerehani. Alitoka siku polisi wa kule walipovunja mlango. Mwanamke mnene wa Paraguay hakuwahi kuwepo.

Alikuwa akitetemeka kwa baridi. "Koti langu liko wapi?" akamuuliza mkewe.

"Lililiwa na nondo," Casimira akasema, na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni.

"Lote?"

"Lote."

Akacheka kidogo. "Nondo wa Kolpani hawachagui."

Casimira alinisindikiza hadi nje. Akanishika mkono kwa nguvu. Akasema alfajiri atakwenda kwa Primitiva, amwombe kamati ilishushe lile koti kabla watu hawajajaa, kabla Evaristo hajatoka nje. Na kweli alikwenda. Alimkuta Primitiva anakunywa uji wa mahindi ya zambarau, amechangamka. Primitiva akamkaribisha, akamwambia, "Casimira, wewe ndiye uliyetuokoa. Tangu utoe lile koti hata kuku hajapotea mtaani kwetu. Jumanne kwenye mkutano nitakusifu mbele ya watu." Casimira akanywa uji, akashukuru, akaaga. Neno lililompeleka hakulitamka. Alikuja akatandika shayiri yake kando yangu, akaniambia tu, "Nitamwambia baadaye."

Kabla ya adhuhuri filimbi ikalia upande wa maandazi. Mtungi wa gesi wa Doña Hilaria umetoweka. Filimbi zote zikaitikia, na yangu ikiwemo, kwa sababu mkono unafanya hivyo kabla ya kichwa. Watu wakaacha bidhaa zao wakakimbia. Na pale walipokimbilia, kwenye nguzo, palikuwa na mwanamume mwembamba mwenye kichwa kilichonyolewa, amepanda juu ya kreti, anavuta mkono wa zambarau wa sanamu.

Evaristo alikuwa ametoka kuwasalimu watu. Akainua macho akaliona koti lake.

Walimshusha kwa kumvuta miguu. Waliomshika walikuwa vijana wa milimani na wageni wa gulio, watu wasiomjua kabisa. Mimi nikapenya, nikapaza sauti nikidhani namwokoa. "Mwacheni, huyo ni Evaristo."

Ningejua, ningeuma ulimi wangu. Jina lile wote walilijua. Walilijua kwa muda wote ule wa sanamu.

"Ndiye huyo? Evaristo mwenyewe?"

"Mwizi wa mikasi?"

"Karudi jana, mtungi umeibwa leo. Mnataka ushahidi gani?"

"Koti ni langu," Evaristo alikuwa akisema. "Jamani, koti ni langu."

"Amekiri kwa mdomo wake," mtu akasema, na watu wakacheka, kile kicheko ambacho hakinifurahishi tena.

Wakamfunga mikono nyuma ya nguzo, na miguu pia. Doña Primitiva akafika akihema, akainua mkono, wakanyamaza. Sitamsema vibaya Primitiva. Alikuwa anafanya kazi aliyochaguliwa kuifanya, na aliifanya kwa haki kuliko wengi.

"Hakuna atakayeguswa kabla sijauliza," akasema. "Koti hili halikuokotwa. Lililetwa na mkewe mwenyewe, mbele yangu. Mke hawezi kumnyonga mumewe bure. Casimira yuko wapi?"

Alikuwa amesimama mbele, karibu na mizani ya muuza sukari. Watu wakampisha nafasi.

"Casimira, sema. Ulilileta kwa sababu aliiba, au sivyo?"

Gulio zima likamtazama. Evaristo naye akamtazama, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyekwisha kufika nyumbani. Ilikuwa neno moja tu. Sivyo. Mimi niliyajua yote, na sauti yangu, ambayo nikitangaza viazi inasikika mpaka kituo cha mabasi, haikutoka. Nilisema moyoni kwamba hilo ni lake mwenyewe, si langu kulisema.

Casimira alitazama chini. Akavuta ncha ya shali yake, akaizungushia kidole. Hakujibu.

"Umesikia nilichokuuliza?" Primitiva akasema, kwa upole kabisa.

Hakujibu.

Kwa hiyo kimya chake kikahesabiwa kuwa jibu. Primitiva akarudi nyuma hatua chache, akafunga macho, na dereva mmoja wa lori akapitisha dumu juu ya vichwa vya watu. Walimmwagia Evaristo petroli kuanzia kichwani. Alikohoa, akapiga chafya. Harufu ilifika mpaka tuliposimama. Mtu akaanza kupapasa mfukoni akitafuta kiberiti, kile cha kwanza kikawa kimelowa, akaomba kingine.

Hapo ndipo Casimira alipopiga magoti. "Hakuiba," akasema. "Hajawahi kuiba kitu. Nililitoa kwa wivu. Walisema ana mwanamke nikaona nimkomeshe. Nililitoa kwa wivu tu."

Hakuna aliyecheka. Mwenye kiberiti akakirudisha mfukoni akajipenyeza nyuma. Kamba zikafunguliwa na mikono ambayo mpaka leo hakuna anayesema ilikuwa ya nani. Kabla hata hajafunguliwa mguu wa mwisho, mtoto wa Doña Hilaria akaja akisukuma toroli lenye mtungi: wifi yake Hilaria alikuwa ameupeleka kujaza gesi, na akasahau kumwambia. Hilaria akajifunika uso kwa aproni. Watu wakarudi kwenye bidhaa zao wakitembea harakaharaka, kila mmoja akiwa na mteja anayemngoja. Mtu akaweka mikate miwili miguuni pa Evaristo akaondoka. Primitiva akaivunja kreti ile kwa mguu, ubao kwa ubao, akilia.

Niliwafuata nyumbani na sabuni na ndoo ya maji ya moto, kwa sababu nilihitaji mikono yangu iwe na kazi. Evaristo alikuwa ameinama uani, amevua shati, anajisugua kichwa. Casimira alikuwa amesimama mlangoni na taulo.

"Primitiva alikuuliza," Evaristo akasema hatimaye, bila kugeuka. "Alikuuliza mara mbili."

"Ndiyo."

"Ilikuwa kabla ya petroli."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Casimira aliikunja taulo, akaikunjua. Nilidhani atasema alishikwa na woga, kwamba ulimi uliganda, jambo lolote ambalo mtu angeweza kulisamehe. Lakini labda alikuwa amechoka kusema uongo.

"Niliona haya," akasema. "Wangenicheka."

Evaristo aliacha kujisugua. Povu lilikuwa likimtiririka usoni naye hakulifuta. Kisha akanyoosha mkono pembeni, mahali nilipokuwa nimesimama mimi, akaniomba mimi nimmwagie maji, si mkewe. Nikainua ndoo. Nilimmwagia mpaka yakaisha, na sikuweza kumtazama machoni.