Joka la Kikombe cha Pili

Jumamosi saa tisa alasiri, Etenesh alikuwa akikaanga buni sebuleni kwake, mtaa wa Gulele, Addis Ababa, na Hirut alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya hadithi ya Hirut kujadiliwa na wasomaji wenzake.

Kwa Etenesh wasomaji wana utaratibu wao, na hauvunjwi. Kikombe cha kwanza ni cha sifa. Cha pili ni cha kasoro. Cha tatu ni cha baraka, na hapo tu ndipo mwandishi anaruhusiwa kufungua mdomo. Kabla ya hapo, hata ukiungua, ungua kimya.

Hadithi yenyewe ilikuwa kurasa nne: kinu cha kahawa kilichobaki na sauti ya marehemu mama, na binti ambaye, ukurasa wa tatu, anakiosha ili mama aende akapumzike. Ukurasa huo Hirut alikuwa ameuandika mara kumi na moja. Mama yake mwenyewe alifariki mwaka juzi. Alitaka kujua jambo moja tu: pale pa kuosha kinu, kuna mtu aliyeguswa? Kama hakuna, alikuwa ameapa kuiweka kalamu chini.

Kikombe cha kwanza, Fekadu mfamasia akasema lugha ni tamu. Etenesh akasema, tamu kweli. Wakanywa.

Kikombe cha pili, Ato Gezahegn, yaani Bwana Gezahegn, akakohoa. Huyu ni mkaguzi wa shule mstaafu, na nakala yake ya hadithi alikuwa ameikunja ikawa bakuli, akaijaza bisi.

"Binti yangu, mwanzo umekwenda vizuri," alisema akitafuna. "Lakini lile joka la mwisho! Joka gani lile, halitishi hata kuku?"

Hadithi haikuwa na joka.

Hodi ikapigwa. Joka likaingia, likajifuta miguu mlangoni, likaketi mwisho wa benchi. Lilikuwa dhaifu kweli: mbavu nje, mabawa yamesinyaa, na lilipojaribu kutema moto ulitoka moshi kidogo tu, ukapotelea kwenye ubani.

"Si nilisema?" Ato Gezahegn akasema.

"Masikini, limekonda," Etenesh akasema, akalimiminia kahawa, akaliongezea sukari. Fekadu akasogea kuupisha mkia.

Kwa kuwa halikuwa na la kufanya, joka likazimwaga bisi za Ato Gezahegn kwenye sahani, likazikunjua karatasi, likasoma. Lilisoma polepole, likifuata mistari kwa ukucha. Ukurasa wa tatu likausoma mara mbili. Kisha likajifuta macho kwa ncha ya bawa, lisiseme kitu, maana kikombe kilikuwa cha kasoro na lenyewe lilikuwa halijaona kasoro.

Kikombe cha tatu kikamiminwa.

"Ukurasa wa tatu..." Hirut akasema.

"Anakiosha kwa maji ya uvuguvugu," joka likajibu. "Mama yangu naye alikuwa hapendi maji ya baridi."

Hirut akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Tangu mama azikwe hakuwahi kufurahi namna ile.

"Hata maoni yake dhaifu," Ato Gezahegn akasema, akaomba aongezewe bisi.

Wiki nzima Hirut aliimba akifua, akaimba akipika. Ukurasa wa tatu akauandika mara ya kumi na mbili, akayapa yale maji ya uvuguvugu mstari mzima.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Fekadu. Alikuwa ameandika juu ya tarishi anayeyapelekea mawingu barua, hadithi isiyo na mnyama hata mmoja. Ato Gezahegn alikuwa ameshakunja bakuli lake. Joka lilikuwa limewahi, limenenepa kidogo, linasoma pembeni. Nakala aliyopewa Hirut ilikuwa mkobani, haijafunguliwa tangu aipokee. Jamani, na ule ukurasa wa tatu angepata wapi nafasi ya kuisoma?

Kikombe cha kwanza, wote wakamgeukia Hirut. Akatabasamu kwa moyo mkunjufu.

"Kaka Fekadu, umeniweza! Yule punda nimempenda kupita kiasi."

Joka likainua kichwa, likarudi kupekua kurasa. Fekadu akafungua mdomo, akakumbuka utaratibu, akaufunga. Nje, kwato zikasikika zikipanda ngazi. Etenesh akasogeza benchi, akaenda kuleta kikombe kingine.