Ngozi Chini ya Spea

Usiniambie hukuona. Ulikuwepo siku ile ng'ombe wa mzee Kivuva walipoteremshwa bondeni Mbumbuni mchana kweupe, wakisukumwa na wachungaji wa mzungu. Ulikuwa na jembe mkononi. Ukainama, ukalima mahali ulipokwisha kulima. Basi sikiliza, maana ng'ombe mmoja amerudi, na amerudi ndani ya buti ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijani, la viti viwili, lililoundwa Uingereza kabla ya vita kwa ajili ya kukimbizwa tu, si kubeba mtu na mzigo wake. Mwenyewe alikuwa mzungu huyo huyo, mnunuzi wa ng'ombe tuliyemwita Bwana Miwani. Mwaka wa hamsini na sita alilileta Kitui mjini kwa Yakub Shee, fundi wa viti.

"Kuna mtu Nairobi analitaka," alisema, "lakini anataka buti iwe kama ilivyotoka kiwandani. Zulia lake, mbao zake, mkanda wake wa kufungia gurudumu la spea. Na vipande vyote vya zamani unirudishie. Nawajua nyinyi mafundi."

"Alhamisi, bwana," Yakub akajibu.

Yakub alikata, mkewe Mumbua alishona, ndivyo walivyokula. Mumbua alikuwa binti wa huyo huyo Kivuva, na wiki hiyo kiti kilimchoma. Akikaa kwenye cherehani, anasimama. Akisimama, anachungulia barabarani kana kwamba kuna mgeni anayechelewa. Jumamosi wazee wa Mbumbuni wangemsikiliza baba yake kwa mara ya mwisho. Alete ushahidi, au ahame.

Ahame kwa kosa gani? Miaka kumi nyuma, tulipolazimishwa kuuza mifugo, ng'ombe wa Kivuva hawakufika kwenye zizi la kuhesabiwa. Bwana Miwani akasema hakuwaona hata kwato, mzee amewaficha kwenye vilima vya Kilungu. Kivuva akafungwa. Pengo lake likajazwa kwa ng'ombe wa majirani, na jirani hasahau dume lake. Tangu alipotoka jela, kila apitapo sokoni kuna mtu nyuma yake anayelia kama ndama.

"Mama Shufaa, tulia, unanitia kizunguzungu," Yakub alimwambia mkewe, kichwa kikiwa ndani ya buti. "Njoo unishikie hapa."

Alikuwa ameshatoa gurudumu la akiba. Chini yake sakafu ilifunikwa kwa ngozi kavu iliyopakwa rangi nyeusi na kugongomelewa misumari.

"Hii si ya kiwandani," alisema. "Sakafu ilitoboka mwenye gari akiwa porini, akaziba kwa kilichokuwa karibu."

Wakaing'oa pamoja. Upande wa manyoya ulikuwa umelalia mbao miaka yote hiyo, rangi haikuugusa. Manyoya ya hudhurungi yenye michirizi myeusi. Na kwenye paja, kovu la chuma cha moto: upinde, na chini yake vijistari viwili.

Mumbua akaketi. Akaketi palepale sakafuni.

Mkamba akipewa ngozi huigeuza kwanza, atazame alama. Yule aliyenunua ng'ombe wetu maisha yake yote hakuwahi kuona haja.

"Upinde ni wa ukoo," Mumbua alisema. "Vijistari ni vya nyumba yetu, babu alivichoma kwa mkono wake. Huyu nilimkamua mimi, Baba Shufaa. Alikuwa akipiga teke kila asubuhi."

Yakub akatazama barabarani. "Amesema vipande vyote."

"Nimesikia."

"Nitaitwa mwizi. Mimi mtu wa pwani, hapa sina hata kaburi la babu. Nani atanitetea?"

"Mimi."

"Wewe ni mke wangu!"

"Na ulionywa kwamba unaoa kwa watu wabishi. Mahari ukatoa ukicheka."

Yakub alicheka bila kupenda. Kesho yake alikwenda soko la Kabati kwa wauza ngozi, akarudi na nyingine ya kurudisha badala yake. Wakaikata kwa kipimo cha ile ya kwanza, wakaipaka rangi nyeusi, wakaitoboa matundu ya misumari. Kisha wakaifanya kazi yenyewe, kwa sababu kazi ni kazi. Mbao za asili walizilowesha, wakazilaza chini ya mawe mpaka zikanyooka. Mkanda wa spea waliusugua mafuta ya kondoo ukalainika. Chini ya mkanda huo kipande cha zulia la zamani kilikuwa bado na rangi yake ya kijivu, nacho kikawaonyesha rangi ya kutafuta.

Alhamisi Bwana Miwani alifungua buti, akapiga mluzi. Akamwaga gunia la vipande vya zamani uani. Yakub alikuwa akitokwa jasho mpaka visigino. Mzungu akaisukuma ile ngozi ya Kabati kwa ncha ya kiatu.

"Takataka hii tupa."

Hata hakuigeuza.

Na leo ni Jumamosi. Mumbua ameitandaza ngozi mbele ya wazee wa Mbumbuni. Mzee Nzuki, mkuu wao, amepitisha kidole juu ya upinde, akashuka kwenye vijistari.

"Alama ni yake," amesema. "Lakini ngozi haina mdomo. Inasema ng'ombe ni wa nani, haisemi nani alimswaga. Nani aliona?"

Mmoja amekohoa. Mwingine, nje ya mlango, ameinua mguu anatafuta mwiba. Kivuva amesimama, kofia mkononi, anawatazama uso kwa uso, na hakuna anayelia tena kama ndama.

"Kivuli kikifika mlangoni," Nzuki amesema, "tunafunga shauri."

Kivuli kinatembea. Mzee bado amesimama. Wewe uliyekuwa na jembe, achana na huo mwiba ambao haupo. Inuka, ingia, useme ulichokiona. Sasa hivi.