Mbuzi wa Mkaguzi

Sirad alikuwa ameinama ndani ya pipa la kuchomea makaa, kichwa ndani, makalio nje, akitoa makaa ya mti wa mathenge na kuyatia guniani. Mwenzake Ugbad akamhimiza atoke, mkaguzi ameshavuka daraja.

"Aje," sauti ikatoka pipani. "Akitaka kunijua, aanze upande huu."

Mathenge nani asiyeujua Garissa? Uliletwa uzuie mchanga, ukazuia njia, mashamba, na mlango wa choo. Mbuzi akizoea matunda yake, meno yake huoza. Akina mama wa mtaa wa Waberi wakaona adui wa namna hii dawa yake ni moto. Lakini hoteli mpya ya barabara kuu, inayolaza wageni wa mashirika, haikutaka maneno matupu. Guled, mnunuzi wake, alimwambia Sirad waziwazi:

"Eeddo, shangazi yangu, kila mtu mjini anaapa makaa yake ni rafiki wa mazingira. Mimi nataka mtu wa nje, si ndugu yako, si ndugu yangu, aje aone na aandike. Bila cheti, wewe na Warsame ni sawa tu, na Warsame ana lori."

Warsame aliuza ng'ambo ya barabara. Magunia yake yalichorwa jani la kijani, na jani lenyewe alilichora kwa rangi iliyobaki alipopaka mlango wake. Ndani ya gunia, mgunga mtupu, mti wa asili wa kulindwa, si wa kuchomwa makaa.

Mkaguzi akafika. Abdub, kijana wa Wajir, kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Ugbad akamletea chai ya maziwa ya ngamia.

"Samahani mama, sinywi."

"Umefunga?"

"Hapana."

"Una sukari?"

"Hapana. Ni kanuni. Nikinywa, watasema cheti kimeandikwa na chai."

Ugbad akashika kiuno. "Wallahi, hapa hata mwizi hunywa chai kwanza!"

Abdub akacheka, akaenda kazini. Akaangalia visiki vya mathenge, akachungulia pipa, akavunja makaa akayanusa. Kila mahali alisema, "Safi." Sirad akaanza kuona moto wa hoteli ukiwaka kwa jasho lake. Ndipo upepo ukageuka, ukaleta harufu ya nyama kutoka nyuma ya jiko.

Abdub akaifuata. Akamkuta mbuzi mzima juu ya makaa, na kando yake gunia lenye jani la kijani.

"Haya ni makaa gani?"

Ugbad akamtazama mbuzi. Mbuzi hakumsaidia.

"Mgunga," Sirad akasema. "Nimenunua kwa Warsame."

"Mama! Mgunga, kwenye kiwanja ninachokagua?"

"Kwa sababu yako."

"Yangu mimi?"

"Wewe si mtoto wa wafugaji? Mgeni wa heshima nimchomee mbuzi kwa mti uliomng'oa meno mama yake mbuzi?"

Abdub akauma mdomo, kicheko kikamtoka puani. "Hata mama yangu angefanya hivyo. Lakini karatasi haina mama. Nimekuta makaa ya aina mbili kiwanja kimoja. Nikishaondoka, nani atajua yapi yameingia gunia lipi? Cheti siwezi kutoa. Toa mgunga wote, nitarudi baada ya mvua."

"Na jani la Warsame umelikagua?"

"Mimi hukagua aliyeomba."

"Kumbe anayepekuliwa ni yule aliyefungua mlango."

Abdub akarudisha kalamu kwenye mfuko mmoja wa kizibao. Sirad akamkatia mguu mzima wa mbuzi. "Basi kula. Cheti umeshaninyima, hii itakuwa hongo ya nini?"

"Nitarudi, mama," akasema, akaondoka akimeza mate.

"Na sisi tuchore jani," Ugbad akafoka. "Kubwa kuliko lake!"

Sirad akaokota kipande cha kaa, akaandika juu ya gunia jeupe kwa zile herufi kubwa za darasa la tatu: MATHENGE. MKAGUZI AMEKUJA. CHETI HATUJAPATA. TULIKUWA NA MGUNGA WA KUMCHOMEA MBUZI. ATARUDI. Akalisimamisha kando ya barabara.

Baada ya alasiri watu walikuwa wamejaa, wanasoma na kucheka. Guled naye akaja kuuliza habari, akachuchumaa kusoma. Warsame akavuka barabara, ndevu zake zikiwaka hina.

"Sirad, hii biashara gani? Nani atanunua makaa yaliyoanguka mtihani?"

"Yangu yameanguka mtihani, ndugu yangu. Yako hayajakanyaga shule."

Watu wakaangua kicheko. Guled akainuka, akajipangusa vumbi magotini.

"Eeddo, hoteli itapikia gesi mpaka mkaguzi wako arudi," akasema. Halafu akamgeukia Warsame kwa adabu zote. "Adeer, ami yangu, na wako anakuja lini?"

Warsame akatazama jua, akasema wakati wa sala umefika, akavuka barabara mbio. Alasiri walikuwa wameshaiswali, tena safu moja, yeye na Guled.